Miwani ya kuruka na parachuti: kuvalia juu ya miwani yako, lenzi za kubandika jichoni, au helmeti ya kioo?

kioo_mbili_msa
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni wa Mombasa, macho yangu ni -4.5 kote kuwili, bila miwani hata namba ya matatu siioni mpaka inisimamie mbele. Niliruka tandemu (ile ya kufungwa pamoja na mwalimu) mara moja nikiwa safarini ng'ambo, nikapewa ile ya plastiki ya kuvalia juu ya miwani yangu, sasa lastiki ilikuwa imelegea na mimi nikanyamaza kwa haya, tulipotoka tu mlangoni upepo ukaingia kwa chini machozi yakajaa, dakika nzima ile sikuona kitu. Roho iliniuma sana. Sasa nataka kuanza kozi ya kuruka mwenyewe hapa Diani na huko lazima niisome altimita, kile kipimo cha urefu ulioko angani, kwa macho yangu. Nichague nini?

anga_deira
Kaka pole kwa hilo la machozi. Mimi niko Dubai, naruka miaka kadhaa sasa. Kwanza uelewe upepo unatoka wapi. Ukiwa unaanguka kifudifudi spidi ni kama kilomita 190 mpaka 200 kwa saa na upepo wote unakuja kutoka chini, kwa hiyo pale penye tatizo ni shavuni, siyo pembeni wala juu. Miwani nzuri ya barabarani yenye upenyo mdogo hapo shavuni huko angani haifai kitu, bei yake iwe yoyote.

Kwa mwanafunzi mwenye namba kubwa mimi nasema ile ya kuvalia juu ya miwani, kioo cheupe kisicho na rangi. Vyeusi acha kwanza, mwalimu anataka kuyaona macho yako akijua kama uko naye au umeganda. Lastiki ipite CHINI ya helmeti, ukiipitisha juu ya helmeti upepo wa mlangoni unaweza kuivuta ikatoka yote. Halafu fanya jaribio hili nyumbani: vaa kila kitu, lala kifudifudi kitandani, inua kichwa utazame mbele kama unavyofundishwa. Ukingo wa helmeti ukiisukuma miwani ishuke puani, hiyo siyo saizi yako.

daktari_wa_vioo
Mie kazi yangu ni macho, Dar. Siipingi ya hapo juu ila lenzi laini za kuvaa siku moja na kutupa zinafaa sana kwa -4.5, unaona mpaka pembeni na huna fremu ya kugongana na helmeti. Juu yake unavaa miwani ndogo ya mpira inayobana vizuri. Lenzi ngumu sizishauri kwa kazi hii, punje moja ya mchanga ikiingia chini yake utalia kweli kweli.

nahodha_kdf_hapana
Daktari samahani, mimi napinga kwa mwanafunzi. Lenzi zinategemea kitu kimoja tu, ile miwani ya juu isitoke. Ikitoka upepo unakausha jicho na lenzi inaweza kuondoka nayo, hapo mtu wa -4.5 anabaki na parachuti ya kuongoza na ardhi haioni. Na Diani mnatua mchangani, vidole vina chumvi na mchanga, utairekebishaje lenzi?

daktari_wa_vioo
Kweli ndugu, ndiyo maana nikasema inayobana. Na isivuliwe parachuti ikishafunguka, watu wengi wanaishusha shingoni wapate upepo. Mwenye lenzi abaki nayo mpaka miguu iguse chini. Miwani ya kawaida aiweke kwenye mfuko wenye zipu akatue nayo. Kama hajazoea lenzi asianze kuzivaa siku ya kuruka, azivae wiki kadhaa kwanza kazini.

bi_mswafi
Niongezee la wenzangu tunaojifunga. Dada zangu, kofia ya ndani iwe ya pamba. Kitambaa cha kuteleza kama satini lastiki haikai, inapanda polepole mpaka kisogoni juu. Mikono ya miwani ipitisheni chini ya kofia ibanwe na kitambaa, mtandio mrefu acheni kwenye begi, na mpira wa miwani ya juu ukae kwenye ngozi ya uso pande zote, usikanyage kitambaa hata kidogo kwa sababu pale penye pindo ndipo upepo unapopita. Mimi nimeruka hivyo na haikusogea.

kioo_mbili_msa
Shukran bi. Na ukungu je? Na hizi za alumini zenye sponji naona wengi wanavaa kwenye picha, Gatorz sijui.

anga_deira
Gatorz ni nzuri, fremu unaikunja kwa mkono mpaka ikushike uso wako na vioo vya namba vinawekwa, ila ni ghali na mimi ningekwambia subiri umalize kozi. Usichukue vioo vya polaraizi (vya kuzuia mng'ao), altimita ya kidijitali ukiigeuza kidogo kioo chake kinakuwa cheusi tii, jaribu na simu yako utaona.

Ukungu ni huu: kila futi 1,000 ukipanda joto linapungua kama digrii 2, kwa hiyo hapo Ukunda karibu na Diani ikiwa 30, kule futi 12,000 unakuta 6 hivi. Kioo kinapoa, halafu unarudi kwenye joto la pwani lenye unyevu. Tafuta yenye vitundu vya hewa, usiivae ndani ya ndege mapema, subiri mnapokaribia kuruka. Tone la shampuu ya mtoto lipake ndani ufute na kitambaa laini kikavu. Dawa ya meno usiguse, inakwaruza.

nahodha_kdf_hapana
Helmeti ya kioo uso mzima hakuna aliyeisema. Inamaliza habari ya upepo na miwani yako unavaa ndani, lakini fremu iwe nyembamba, mikono iliyonyooka. Kwa mwanafunzi muulize mwalimu wako kwanza, kama anakubali.

kioo_mbili_msa
Nimelala kitandani kama mkuu alivyosema, helmeti nimeazima. Hii fremu yangu kubwa ya mraba inagonga juu na inashuka kabisa puani. Jumamosi naenda kukata vioo vya plastiki ngumu kwenye fremu ndogo, nitavalia ya kioo cheupe juu yake, na safari hii lastiki ikilegea nasema kabla mlango haujafunguliwa. Lenzi nitaanza kuzizoea ofisini taratibu.