Naomba ushauri: risechi yangu ya mikakati ya kijeshi anga za juu niibane wapi?

Wakuu, habari za jioni. Nasoma uhusiano wa kimataifa, mwaka wa tatu. Nataka kuandika kuhusu mikakati ya kijeshi katika anga za juu. Msimamizi wangu hajakataa, ila anasema mada ni pana mno, na anauliza Afrika inaingiaje humo wakati wanaoshindana ni Marekani, Urusi na China. Nisaidieni.

Mzee_wa_Kigamboni: Mdogo wangu, shika makombora ya kutungua setilaiti. Januari 2007 China ililipua setilaiti yake yenyewe ya hali ya hewa, Fengyun-1C, kilomita 800 na ushee kutoka ardhini. Vilihesabika vipande zaidi ya 3,000. Urusi nayo ikalipua ya kwake Novemba 2021, na wanaanga wa kituo cha kimataifa cha anga za juu, Warusi wakiwemo, wakakimbilia kujihifadhi kwenye vyombo vyao vya kurudia duniani. Vifusi havichagui setilaiti ya nani. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa Aprili 2023, ilipelekwa kwenye njia hizo hizo za chini za kuizunguka dunia.

Dada_Wakili: Anza na mkataba wa anga za juu wa 1967. Wengi hudhani ulipiga marufuku silaha zote huko juu. Ibara ya 4 inakataza kuweka kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, silaha za nyuklia na za maangamizi. Kombora la kawaida linalorushwa kutoka ardhini halikuguswa. Desemba 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi ziachane na majaribio ya kulipua setilaiti kwa makombora hayo, kura 155 zikaunga mkono, lakini azimio la namna hiyo haliibani nchi kisheria. Chambua Afrika ilivyopiga kura. Hapo ndipo swali la msimamizi wako linapopata jibu.

Fundi_Mitambo: Kwa heshima zote, mimi napingana nanyi. Siku hizi hakuna haja ya kulipua. Februari 24, 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, wadukuzi waliua modemu za wateja wa setilaiti ya intaneti ya KA-SAT, na setilaiti yenyewe ikabaki nzima. Ujerumani, mitambo ya upepo kama 5,800 ikakosa mawasiliano ya kuisimamia kwa mbali. Nchi ngapi zetu zinakodi huduma kama hiyo? Andika hilo.

Mwenye uzi: Asanteni sana wakuu. Naelekea kwa Dada Wakili, hoja ya Fundi nitaipa sura moja. Dada, hizo kura nazipata wapi?

Dada_Wakili: Maktaba ya mtandaoni ya Umoja wa Mataifa, bure kabisa. Tafuta azimio 77/41, utaona nchi moja moja.