Wakuu wa Dom, kuna sehemu mtu anasaidiwa kuacha sigara au kila mtu anapambana na hali yake?

FundiPlagi:
Wakuu habari za jumapili. Nipo Nkuhungu hapa Dodoma, miaka 36, fundi pikipiki, nimeanza kuvuta nikiwa na 15 na saivi nafika fegi 15 mpaka 20 kwa siku. Nimeshajaribu kuacha mara tatu. Ya kwanza nilitoboa siku 9, ya pili siku 2, ya tatu naona hata aibu kuisema, niliacha asubuhi saa kumi jioni nimerudi kisa mteja kanizungusha hela yangu.

Kilichonishtua, mwezi uliopita nilipanda SGR kwenda Dar kufuata spea. Mle ndani hakuna kuvuta, na safari ni kama masaa matatu na nusu tu, watu wanakula karanga wanapiga picha mahandaki ya Kilosa mie nimekaa nahesabu stesheni jasho linanitoka na AC ipo. Tulivyosimama Morogoro nikajikuta nawaza nishuke nipige pafu mbili treni iniache, yaani tiketi nimelipa na mzigo wa watu unanisubiri!! Hapo ndo nikajua hii sio starehe tena.

Alafu nina mtoto wa mwaka na nusu. Juzi kaokota kichungi uani akakiweka mdomoni akawa anapuliza, mama yake akacheka kidogo halafu akanyamaza. Hakuongea kitu mpaka usiku. Bora angenifokea.

Sasa maswali yangu, hapa Dom naanzia wapi? Na zile bigijii za nikotini zinasaidia kweli? Kuna jamaa alinipa nikatafuna nikapata kwikwi na kiungulia nikazitupa.

Mzee wa Kizota:
Kijana ni utashi tu. Mimi niliacha 2009 siku moja, pakiti nikaitumbukiza chooni mpaka leo. Hayo ya bigijii ni kuliana hela.

chiefdodoma:
Hamia shisha mkuu, ile ni ya matunda haina shida, imepita kwenye maji

SistaWaZamu:
@chiefdodoma usipotoshe watu kaka. Maji hayachuji sumu, yanapooza tu moshi ndo maana unauvuta ndani zaidi na mtu anakaa nayo lisaa zima. Ile ladha ya embe isikudanganye, ni tumbaku hiyo hiyo na moshi wa mkaa juu yake.

@Mzee wa Kizota hongera baba, shikamoo. Ila sio kila mtu anatoboa hivyo, wengi wanaojaribu kwa utashi peke yake wanarudi, na sio kwamba ni wadhaifu, ni ubongo umeshazoea nikotini.

Fundi, mimi ni nesi. Ile bigijii hukukosea kuinunua, ulikosea kuila. Usiitafune kama bazoka. Unaitafuna taratibu mara chache mpaka usikie inawasha kama pilipili manga, hapo unaacha kutafuna unaibana katikati ya shavu na ufizi itulie. Ule muwasho ukiisha unatafuna tena kidogo, unabana upande mwingine. Moja inaweza kwenda hata nusu saa. Nikotini inatakiwa iingie kupitia shavu, wewe ukatafuna fasta ukaimeza yote na mate ikaenda tumboni, kwikwi na kiungulia lazima. Na usinywe soda au kahawa robo saa kabla wala ikiwa mdomoni, ule uchachu unazuia isiingie.

Zipo za miligramu 2 na za 4. Swali moja tu, ukiamka sigara ya kwanza unaivuta baada ya muda gani? Kama ni ndani ya nusu saa wewe ni wa 4. Kuna na plasta ya kubandika ngozini, inatoa nikotini kidogo kidogo kutwa nzima, na ukichanganya plasta na bigijii matokeo ni mazuri kuliko kimoja peke yake. Kuna watu wanaogopa eti unaongeza sumu. Nikotini ndo inakufunga ila kansa inaletwa na moshi na lami yake. Hizi dawa zipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2009, sio uganga. Duka la dawa la mtaani usitegemee sana, ulizia famasi kubwa za mjini, na kama una presha au shida ya moyo onana na daktari kwanza.

Na kitu kingine, una kikohozi? Kama kimezidi wiki mbili usiseme ni kikohozi cha sigara, nenda kapime TB, hospitali za serikali kipimo ni bure na matibabu bure.

Tandiboi mstaafu:
Sista kamaliza, mi naongezea upande wa wapi pa kwenda maana nimepita humo humo.

Mkuu nitakwambia ukweli na usicheke. Mimi nilienda Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili. Najua Dom nzima Mirembe ni matusi, mtu akikosea kidogo tu "wahi Mirembe", na mimi siku ya kwanza nilivaa kofia nikainamisha kichwa nisionwe na bodaboda wa kijiweni kwetu. Nilichokuta, watu wamekaa kwenye benchi kama hospitali yoyote. Pale na kwenye kituo chao cha Itega wanashughulika na uraibu, wengi wanaenda kwa unga na pombe, mimi nikaenda na sigara yangu na hakuna aliyenishangaa. Nilikaa na mshauri akaniambia wiki nzima usiache, ila kila fegi kabla hujawasha andika saa ngapi, uko wapi na umetoka kufanya nini. Nikaona ananichezea. Kuja kuangalia kale kadaftari, fegi 17, kumi zilikuwa zinafuata vitu viwili tu, chai na kupiga simu! Nilikuwa napambana na sigara kumbe nilitakiwa nipambane na chai.

Nikaacha chai mwezi mzima, nikawa nakunywa uji. Simu ikiita nakamata ubuyu wa kumumunya, pale Majengo nilikuwa nachukua mfuko mzima, vidole vyekundu kama nimechinja. Hamu ikija haikai, ni dakika tatu nne tano inapita, shida ni kwamba ukiwa ndani yake unaona kama haitaisha. Siku ya pili na ya tatu ndo mbaya kuliko zote, nilimfokea mpaka mama mkwe kwenye simu. Wiki ya tatu nne nikaanza kulala vizuri. Niliongezeka kilo kama 5, suruali zote nimepeleka kwa fundi.

Kama Mirembe unaona noma anzia kituo cha afya chochote au Jenero, hospitali ya rufaa ya mkoa, uombe kuonana na mtu wa ushauri. Na ipo 199 ya wizara ya afya, kupiga ni bure.

Mnyamwezi wa Chang'ombe:
Mi nimekulia Urambo, tumbaku tumeivuna sana. Ukivuna asubuhi majani yana umande unatapika mchana kutwa na hujavuta hata moja, inapita kwenye ngozi. Tukaambiwa ni malaria. Baba alikuwa analala kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, kuangalia moto, na sigara mdomoni juu.

Fundi kuhusu huyo mtoto usichukulie poa. Mimi babu alikuwa ananituma jikoni nikamuwashie kwenye kaa la moto, na mtoto hawezi kuiwasha bila kuivuta kidogo, nilikuwa na miaka saba hivi. Sheria ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya 18 ila kutumwa na babu nani atakukamata.

Na usije ukadanganyika na ugoro wa bibi zetu eti hauna moshi. Nikotini ni ile ile, na mdomo unapata kansa pia.

FundiPlagi:
Asanteni aisee sikutegemea. @SistaWaZamu navuta kabla hata sijatoka kitandani, kwahiyo ni wa 4. Kikohozi kipo, tangu mwezi wa sita, nilikuwa nasingizia vumbi la Dom. Kesho naenda kupima. @Tandiboi daftari nimeanza leo, saivi ni saa nane nimeandika tisa na sita zote ni baada ya kumaliza pikipiki ya mtu, yaani nikishafuta mikono na kitambaa tu mkono unaenda mfukoni wenyewe.

Nimemwambia wife tarehe ya kuacha ni jumatatu ijayo. Kafurahi mpaka kachukua viberiti vyote vya ndani kaficha, sasa hivi kaniita anauliza jiko la mkaa linawashwa na nini.