Popapu au tubaki na hema? Familia ya watoto watatu

BabaZuri_Ohio: Wakuu, nimepata popapu ya mkono wa pili, lile trela bapa unazungusha mpini paa linapanda, vitanda unavivuta huku na huku, kuta turubai. Sisi kambi ni wikiendi, Ijumaa jioni tunatoka Jumapili tunarudi, na kiangazi hiki tunataka kufika hifadhi ya Yellowstone. Mke wangu mgongo umechoka kulala chini. Gari ni RAV4. Nichukue?

DadaMpishi: Kaka RAV4 ya kawaida inavuta pauni 1,500, ipo ya kuvuta 3,500, angalia kitabu cha gari kabla hujatoa hela. Popapu nyingi zikiwa tupu zimeshafika hiyo 1,500, bado maji, gesi, chakula na baiskeli za watoto. Halafu kama mnafika giza limeshaingia, ushushe miguu minne, uzungushe paa, uvute vitanda, watoto wanalia njaa, utaichukia. Mkikaa sehemu moja siku nne tano ni raha tupu.

Njoro_Dallas: Na mvua je? Ukikunja turubai limelowa, ukifika nyumbani lazima ulifungue tena likauke, la sivyo ukungu na ile harufu haitoki. Ukiishi ghorofani utalianika wapi? Na tuambiane ukweli, kambi ni mambo ya wazungu, watu wetu wametoroka kulala kwa turubai halafu tunanunua turubai.

MwanaUvira: Hapo umenigusa ndugu. Mimi nimekulia chini ya turubai Kigoma, ukimbizini, mvua ikija na upepo mama anashika mti wa katikati mpaka kunakucha. Na bado watoto wangu nawapeleka msituni kila kiangazi, maana huku nakwenda nikitaka na narudi nikitaka. Nani kakwambia msitu una wenyewe?

Njoro_Dallas: Sikukutaja wewe, nimesema watu wetu kwa jumla, mbona unachukulia hivyo

MwanaUvira: Watu wetu ndio mimi!! Kama si mimi ni nani?

MzeeWaTanga: Wanangu, wavuvi wa Kojani, kule Pemba, wanapiga dago tangu enzi za mababu, wanahama na ngalawa zao, wanalala ufukweni kwenye vibanda vya makuti mpaka samaki wahame. Huyo mzungu aliyewafundisha ni nani?

Njoro_Dallas: Mzee shikamoo, lakini dago ni kazi. Mvuvi akipata kitanda atakikataa?

MzeeWaTanga: Marahaba. Kazi ndiyo, lakini jioni pale watu wanachoma samaki, wanapiga hadithi, wanaangalia nyota. Usiwapunguzie utu wao kwa kuwa wako kazini.

DadaMpishi: Jamani mwenye swali ametaja Yellowstone! Kambi ya Fishing Bridge hawapokei hema wala popapu, ni gari au trela za kuta ngumu tu, sababu ya dubu. Kambi nyingine za humo ndani turubai ruksa, ila chakula kifungiwe, hata dawa ya meno.

Njoro_Dallas: Mzee sijampunguzia mtu utu, hayo maneno umeniwekea mdomoni

MwanaUvira: Umeyasema mwenyewe, panda juu usome.

BabaZuri_Ohio: Dada asante, ya dubu sikuyajua. RAV4 yangu ni ile ya 1,500, kwa hiyo hilo trela naliacha. Sasa nauliza, kuna mwenye vile vitanda vya kukunja vya kuweka ndani ya hema? Vinabeba mtu mzima bila kubonyea katikati?

MzeeWaTanga: Njoro, ulishawahi kufika Kojani?