Mjadala: Kompyuta ikipiga hesabu ya mirathi, nasaba iandikwe vipi?

Mleta mada, Unguja

Assalaam alaykum. Nauliza, na msimamo wangu nautanguliza. Hesabu za mirathi ziwekwe kwenye programu ambayo kanuni zake zinasomeka, ili mjane akipewa fungu lake aoneshwe limetoka wapi. Ila nasaba isiingizwe kama jedwali la majina matatu. Iandikwe kwa fakti ndogo ndogo, yaani taarifa moja moja, baba peke yake na mama peke yake.

Lugha ya kompyuta ninayoikusudia ni Prolog, iliyoanzia Marseille mwaka 1972 mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel. Humo hupangi hatua moja baada ya nyengine. Unaweka fakti, unaweka kanuni, kisha unauliza. Sheria imeshaandikwa kwa lugha hii: mwaka 1986 Marek Sergot, Robert Kowalski na wenzao walichapisha kazi yao ya kuiandika Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1981 kwa Prolog. Mafungu ya Surat An-Nisaa ni nusu, robo, thumni (moja ya nane), thuluthi mbili, thuluthi na sudusi (moja ya sita). Yanaandikika.

Tatizo ni majina yetu. Asha Juma Hamad ni mtu, baba na babu. Mama hayumo, na mirathi inamtaka mama, kwa sababu ndugu wa mama mmoja harithi kama anavyorithi ndugu wa baba mmoja. Isitoshe, shehia moja, yaani mtaa ulio chini ya sheha, huwa na Juma Hamad zaidi ya mmoja. Kwa hiyo kila mtu apewe namba; hapa m88 ni baba wa m104, na m91 ni mama yake:

mtu(m104, 'Asha').
baba(m88, m104).
mama(m91, m104).

Undugu usiandikwe kabisa. Kanuni iutoe, mfano huu wa shakiki, yaani ndugu wa baba na mama mmoja (alama :- isomwe "ikiwa", na \= isomwe "si sawa na"):

shakiki(X, Y) :- baba(B, X), baba(B, Y), mama(M, X), mama(M, Y), X \= Y.

Akigundulika mama aliyekosewa, unasahihisha mstari mmoja na hukumu zote zinazomtegemea zinafuata. Kwenye jedwali lenye safu ya "ndugu", utasahihisha kwa Asha ukasahau kwa kaka yake.

Na wanaojifunza wazitazame sana alama za kufungia jina. Prolog huisoma herufi kubwa ya mwanzo kuwa ni nafasi ya mtu yeyote. Ukiandika mama(Mize, Asha) bila alama hizo, umeiambia kompyuta kwamba kila mtu ni mama wa kila mtu, na itakukubalia.

Mchangiaji, Pemba

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, uzuri wote huo una shimo moja. Prolog ikikosa fakti huhukumu kuwa jambo halipo. Ukiuliza kama marehemu ana mtoto mwengine, na mtoto yuko Mombasa hajaandikwa, jibu ni hapana.

Chukua mfano. Marehemu kaacha mke, mama, mtoto wa kiume na wa kike, na baada ya madeni na wasia imebaki milioni 72. Mke thumni, milioni 9. Mama sudusi, milioni 12. Zinabaki milioni 51: mwanamume 34, mwanamke 17. Hesabu safi kabisa. Akitokea wa Mombasa, naye ni mwanamume, zile 51 zinagawiwa upya: kila mwanamume milioni 20.4, mwanamke 10.2. Mke na mama mafungu yao hayakuguswa, kwa hiyo hata wao hawakuwa na sababu ya kushtuka mwanzo. Kadhi huwauliza wazee wa mji. Hiyo mashine itamuuliza nani?

Mleta mada, Unguja

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, nami naipokea kwa heshima. Lakini daftari la karatasi nalo halimtaji wa Mombasa. Tofauti ni kwamba kwenye Prolog naweza kuizuia kanuni isigawe chochote mpaka ikute fakti ya namna hii:

warithi_wamethibitishwa(m88, kadhi, shauri_27).

Fakti hiyo haitolewi na kompyuta. Huandikwa baada ya mashahidi kusikilizwa, na namba ya shauri inabaki pale ili atakayepinga ajue pa kuanzia. Bila ya fakti hiyo jibu liwe "haijathibitishwa". Lisiwe hapana, wala lisiwe fungu la mtu. Na kila fakti ya baba na mama nayo iambatane na ilikotoka: cheti cha kuzaliwa, au kauli ya shahidi.

Kwa hiyo wazee wa mji wataulizwa kama kawaida. Ninalolikataa ni majibu yao kubaki kichwani mwa karani, kisha miaka ikipita familia inagombana bila ya pa kurejea.

Linalobaki ni nani aruhusiwe kuiandika fakti hiyo ya uthibitisho. Mimi nasema kadhi peke yake; sheha aishie kuleta taarifa, na fundi wa kompyuta asiiguse. Wenye rai nyengine waseme, hasa wanaofanya kazi mahakamani.