Mdogo wangu kabadilishiwa ugonjwa: kwanza sonona, sasa bipola. Tumwamini daktari yupi?

Mleta uzi: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kiume aliambiwa ana sonona (huzuni nzito inayodumu), akaanzishiwa dawa. Juzi daktari mwingine kamhoji, akatuhoji na sisi ndugu, kasema ni bipola (vipindi vya huzuni nzito na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi). Hakuna kipimo cha damu kilichoonyesha hivyo, ni maswali tu. Mama anasema wanabahatisha, dawa ziachwe zote. Naombeni ushauri.

NesiMstaafu: Pole sana ndugu yangu. Dawa asiache ghafla, arudi kwa daktari kwanza. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha sonona au bipola. Damu hupimwa ili kuondoa sababu nyingine, mfano tezi ya thairoidi ikizorota, mtu huchoka na kukosa raha vilevile. Na maswali yana utaratibu wake. Wapo wanaofuata ICD-11, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022, wengine DSM-5, mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani. Kwa DSM, sonona ni dalili tano kati ya tisa, karibu kila siku kwa wiki mbili, na mojawapo lazima iwe huzuni au kupoteza hamu ya mambo. Je, aliwahi kuchangamka kupita kiasi?

Mleta uzi: Sana! Kabla ya huzuni, karibu wiki mbili saa tisa usiku unamkuta anahamisha makabati, anaongea mfululizo hadi hushiki alichosema. Akilala kwa muda wa saa mbili tu, haoni uchovu. Daktari wa kwanza hakuuliza hayo.

NesiMstaafu: Basi hapo ndipo penye jibu. Hali hiyo ikidumu wiki nzima na kuvuruga maisha, huitwa mania, na ikishapatikana jina la sonona haliwezi kubaki. Wengi hufika hospitali wakiwa chini, maana wakiwa juu hujiona wazima kuliko sisi sote. Na dawa ya sonona ikitumika peke yake inaweza kumpandisha tena. Kwa hiyo mabadiliko haya yana maana kubwa.

Mtafiti_huru: Nami niongeze, miongozo hiyo si msahafu. Madaktari wawili wanaweza kumwona mtu mmoja wakatofautiana. Mkibaki na shaka, ombeni maoni ya tatu.

NaishiNayo: Mimi ninayo bipola. Andikeni kila siku: kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, hali yake, matumizi ya pesa. Daktari wangu daftari hilo hulisoma kabla hajaniuliza lolote.

Mleta uzi: Asanteni mno. Mama naye aende kliniki?

NesiMstaafu: Aende, tena akae humo ndani. Aeleze kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua hivi, maana bipola hurithiwa sana.