Tupeane uzoefu: vitabu vya vijana waliokosa kila kitu wakapata rafiki

Shangazi_Ndosho
Hodi jamani. Ninaye mtoto wa kaka yangu hapa nyumbani, msichana wa miaka 14. Walitoka Masisi kwa miguu, wakapitia Sake, akanifikia hapa Goma na mfuko mmoja wa nguo. Tangu afike anajibu "ndiyo" na "hapana", basi. Juzi nilimkuta nyuma ya jiko, amekalia bidoni (dumu), anasoma kitabu changu cha zamani, "Sans famille" cha Hector Malot, kile cha mtoto Rémi anayekodishwa kwa mzee mwenye mbwa na kima. Makala ya jikoni yalikuwa yamezima, maharage hayajaiva, na yeye hana habari. Usiku akaniuliza swali lake la kwanza refu tangu aje: "Shangazi, huyu Mattia, rafiki wa Rémi, anabaki naye kweli, au na yeye atakufa?"

Sikupata usingizi. Naomba mnisaidie. Vitabu vya namna hii viliwakuta ninyi mko wapi katika maisha? Na mtoto aliyeona vita, tumpe hadithi za shida, au tumtafutie za kumchekesha?

Motari_Birere
Sans famille! Mi nililia juu ya ile kima. Niko hapa nafuata.

Katuba_Moja
Mimi niko Lubumbashi. Mwaka 2003 baba alikuwa kati ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi, walioambiwa wachukue pesa zao za mwisho waondoke "kwa hiari". Zile pesa hazikumaliza mwaka. Nikafukuzwa darasani kwa ajili ya minervali (karo), nikawa nakuja hivyo hivyo na sare yangu, nakaa chini ya dirisha nasikiliza somo kutoka nje.

Mwenzangu mmoja alikuwa ananiletea "L'Enfant noir" cha Camara Laye saa ya mapumziko. Tunasoma kurasa tatu nne, kengele inalia, yeye anaingia, mimi nabaki na ukuta. Yule kijana wa kitabuni ana marafiki wawili, Kouyaté na Check, na Check anaugua mpaka anakufa. Tulipofika hapo mwenzangu alifunga kitabu akaniambia, "Wewe usithubutu kuugua." Leo ni fundi umeme kule Kolwezi na bado ananipigia simu kuniuliza kama nimekula.

Dada, mwache mtoto asome.

Virunga_2002
Mambo haya siyaandikagi, lakini hiyo kima imenirudisha mbali.

Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa na miaka 15. Shule yetu ilikuwa katikati ya mji wa Goma, na ilikuwa na kabati moja la vitabu ambalo ufunguo wake ulikaa kwa prefe, mkuu wa shule. Kitabu hakikuruhusiwa kuvuka lango. Siku moja kabla, mimi nilitoka na Sans famille chini ya shati, kwa sababu mzee Vitalis alikuwa amekamatwa na polisi na sikuweza kungoja kesho nijue kama watamfunga.

Alhamisi ile volkano yetu, Nyiragongo, ikashuka. Walioiona wanajua. Ule moto haukimbii, unatembea taratibu kama mtu mwenye haki ya kupita, na hakuna wa kuusimamisha. Ulikata mji mpaka ukaingia ziwani. Ulifunika kanisa kuu, ukala kipande cha uwanja wa ndege, ukafunika shule yetu na kabati lake. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, usiku, mama na mdogo wangu mgongoni na sufuria kichwani, mimi na godoro na kile kitabu cha wizi. Katika kabati zima kilibaki hicho kimoja.

Tulilala kando ya barabara, ardhi inatetemeka usiku kucha. Hapo ndipo nilipompata huyu rafiki, mtoto wa mtaa wa Birere, rika langu. Aliona kitabu akasema, "Soma kwa sauti basi, wote tusikie." Nikasoma. Hatukukaa sana. Watu wengi walirudi Goma lava ikiwa bado ya moto, maana kule ng'ambo chakula na maji ni shida, na kila mtu anataka kuona kama nyumba yake imesimama. Tulirudi pamoja, tunapita juu ya mawe yanayofuka, viatu vya plastiki vinalainika mguuni.

Jumatatu, tarehe 21, kikalipuka kile kituo cha mafuta. Watu walikuwa wanachota kwa bidoni na lava iko pale pale. Kaka mkubwa wa rafiki yangu alikuwa ndani. Rafiki yangu mwenyewe alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, analinda bidoni lililokwisha kujaa. Alichokiona sitakiandika.

Hakusema neno tena. Mama yake aliita wachungaji, aliita wazee, hakuna kitu. Mimi sikuwa na maneno, nilikuwa na miaka 15. Nikawa naenda tu pale kwenye turubai lao, nakaa kando yake, nasoma nilipoishia. Haniangalii. Siku nyingi hivyo. Tukafika pale kwenye theluji: mbwa mwitu wamekula mbwa wawili, na kima Joli-Cœur ameshikwa na baridi, anakohoa, wamemfunika blanketi. Nikasita, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuchungulia ukurasa wa mbele. Ndipo akafungua mdomo. Sauti kavu, kama si yake. "Kima alipona?"

Nikasema alipona.

Kuanzia hapo kitabu chote nilikisoma na kima ndani yake. Vitalis anapokufa kwa baridi karibu na Paris, kima yuko begani kwa Rémi. Rémi na Mattia wanapomnunulia mama mlezi ng'ombe, kima ndiye ameshika kamba. Rafiki yangu akaanza kula. Akaanza kunisahihisha Kifaransa. Halafu vakansi kubwa (likizo ndefu) ilipofika akaniazima kitabu akasome mwenyewe. Alirudi jioni, akakiweka mezani kwetu mbele ya mama yangu, akasema, "Ulinidanganya," akatoka. Hatukusemezana mwaka mzima.

Binti_Katindo
Papa!!! Usituache hapo. Mlipatana?

Motari_Birere
Nimesimamisha pikipiki kando ya barabara niko nasoma. Kasirika wateja, mtangoja.

Mwalimu_Himbi
Nimefundisha Kifaransa miaka 22 na hapa siwezi kunyamaza. Ndugu Virunga, pole sana, lakini ulikosea. Kitabu hicho kina nguvu kwa sababu Rémi anapoteza mmoja mmoja, mbwa, kima, mzee, na bado anatembea. Ukimtoa hata mmoja katika hao, Mattia anakuwa mtoto wa njiani tu. Mattia ana uzito kwa sababu anakuja baada ya makaburi.

Binti_Katindo
Mwalimu, kwa heshima yako, yule mtoto alikuwa ametoka kumwona kaka yake anaungua. Ulitaka aambiwe na kima amekufa?

Mwalimu_Himbi
Nilitaka asidanganywe na mtu pekee aliyekuwa anamwamini.

Mama_Wawili_Goma
Mimi ningedanganya. Ningedanganya leo, kesho na keshokutwa.

Kadutu_Juu
Na mimi nikiwa Bukavu niseme. Kwa umri huo mpe "Petit pays" cha Gaël Faye, cha 2016. Ni karibu yetu kabisa, Gabriel yuko Bujumbura, na mwanzoni familia inavuka kuja Bukavu kumtembelea mzee mmoja Mbelgiji. Nilipofika hapo nilipiga kelele peke yangu chumbani: kitabu cha kushinda tuzo Ufaransa, na mji wangu umo! Vijana wana kombi bovu la Volkswagen ndio makao yao, wanaiba maembe, wanaapa hawataachana.

Katuba_Moja
Ndugu yangu wa Bukavu, huyo Gabriel baba yake Mfaransa, nyumbani kuna mpishi na dereva. Shida gani hiyo?

Kadutu_Juu
Shida inakuja na inawakuta wote. Umesoma mpaka mwisho?

Katuba_Moja
Niliishia kati.

Kadutu_Juu
Basi.

Mama_Wawili_Goma
Mimi nimekisoma mpaka mwisho, na ndiyo sababu nasema usimpe sasa. Mle vita inawaingia hao hao marafiki, na Gabriel anasukumwa kufanya jambo ambalo hatalisahau. Huyu binti anatafuta kuambiwa kwamba mtu anabaki. Kile kinasema wengine hawabaki. Ni kweli, lakini kingoje. Kilichoniponya mimi mle ni yule jirani bibi Mgiriki anayemfungulia Gabriel maktaba yake. Dada, wewe ndiye huyo bibi. Kabati lako lisifungwe.

Chukudu_Kibumba
Oktoba 2008 tulitoka Kibumba na bibi yangu juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, mimi nasukuma, mdogo wangu anashika nyuma. Miaka baadaye nikasoma "Johnny chien méchant" cha Emmanuel Dongala. Kuna msichana, Laokolé, ana miaka 16, anamsukuma mama yake aliyevunjika miguu katika kigari cha mkono, anakimbia vita. Nilikaa chini. Nilikuwa nafikiri hakuna mtu duniani aliyewahi kuliandika lile jambo, mikono inavyochubuka, na jinsi unavyomkasirikia yule unayemsukuma huku unampenda. Ni kigumu, kina damu nyingi, mngojee akue. Lakini hadithi za kuchekesha mimi nilipewa nyingi kambini na zilinifanya nijione niko peke yangu zaidi.

Msomaji_Majengo
Mbona vyote Kifaransa? Mimi dereva mmoja wa lori kutoka Kenya aliniachia "Siku Njema" cha Ken Walibora. Kijana Kongowea Mswahili, mama yake mwimbaji wa taarabu anakufa, naye anatoka Tanga anamtafuta baba mpaka Kitale. Kwa Kiswahili! Nilikuwa sijui kama lugha ya sokoni kwetu inaweza kukuliza hivyo.

Katuba_Moja
Kile Kiswahili chao kigumu bwana, kila ukurasa unatafuta mtu wa kukueleza.

Msomaji_Majengo
Ninyi wa Lubumbashi mnakiona kigumu. Mimi nilimsomea mama yangu ambaye hakusoma shule hata siku moja, akaelewa, na mahali asipoelewa aliniambia "endelea, nitakuta mbele."

Binti_Katindo
Tunaomba turudi kwa Papa Virunga. Mlipatana au hapana?

Virunga_2002
Tulipatana. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema nimsomee tena toka mwanzo, na safari hii kama ilivyoandikwa. Nikasoma. Kwenye kifo cha Joli-Cœur alilia, na najua hakuwa analilia kima. Mama yangu alitoka nje akatuachia nyumba.

Mwalimu, umesema kweli, na Mama wawili umesema kweli, mimi miaka hii yote sijaweza kuchagua. Najua tu kwamba kama siku ile ningesema "amekufa", sidhani angeuliza swali la pili. Na mpaka leo mji ukichafuka ananiandikia maneno matatu: "Kima yuko salama?" Novemba 2012, waasi walipoingia mjini, aliandika. Mei 2021, usiku ule volkano iliposhuka tena, ujumbe wake ulifika kabla sijapata hata viatu. Namjibu, "Yuko salama."

Mwalimu_Himbi
Nimekusoma, ndugu yangu. Nimekusoma mara mbili.

Mfariji_Bukavu
Shangazi, vitabu ni vizuri, lakini mtoto asiyesema muda mrefu mpeleke pia kwa mtu aliyesomea mambo ya kusikiliza watoto. Waulizie kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe. Usingoje kitabu kifanye kazi yote.

Chukudu_Kibumba
Na usimuulize-ulize kuhusu njia. Mpe kazi ya mikono, amenye sombe (majani ya mihogo), maneno yatakuja yenyewe.

Mama_Wawili_Goma
Sombe hatumenyi, tunatwanga!

Chukudu_Kibumba
Haya, atwange.

Shangazi_Ndosho
Aksanti kwenu wote, nimesoma yote, mengine mara nyingi. Nilimjibu kwamba Mattia anabaki. Aliniangalia kama anapima kama nadanganya, kwa hiyo nilimfungulia kurasa za mwisho akajionea mwenyewe: Mattia amekuwa mpiga fidla mkubwa na bado ni ndugu wa Rémi. Hakusema kitu, akarudi kusoma alipokuwa.

Lakini jana jioni binti wa jirani, rika lake, alikuja kuomba moto wa makala. Akamkuta na kitabu, akauliza kinasema nini. Yule binti Kifaransa chake bado kidogo, basi wetu anasoma mstari, anaugeuza Kiswahili, anasoma mwingine. Makala yalibaki kwenye kipande cha bati mpaka yakawa majivu, na mama yake alimwita mara tatu. Leo amerudi bila hata kuomba moto. Wameanza toka mwanzo, wako kwa Vitalis, mbwa wote wako hai na kima amevaa koti lake la jenerali.

Motari_Birere
Mama, wakifika kwenye theluji utuambie. Tafadhali.