Mtoto wa miaka 6: asikilize Mozart au afundishwe ala?

Swali
Wakuu, kipi kinamjenga zaidi mtoto wa umri huo: kuwekewa muziki wa Mozart au kufundishwa ala? Na kama ni ala, aanze na ipi?

Jibu 1
Hiyo dhana kwamba kusikiliza Mozart huongeza akili iacheni. Utafiti wa 1993 ulioizaa ulifanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo, si watoto, na matokeo yalidumu dakika 10 hadi 15 tu. Mtoto hujengwa na muziki anaoufanya mwenyewe.

Kabla ya ala, mpe mapigo. Piga makofi manne kwa mwendo wa kutembea, naye aitikie. Yakikaa sawa, tia kimya: piga mawili, ruka la tatu, piga la nne. Kazi yote iko kwenye kile kimya. Mikono inataka kupiga, anaizuia, huku hesabu inaendelea kichwani. Halafu apige makofi kwa silabi: ki-ti, ka-la-mu. Sikio linalotenganisha silabi ndilo atakalosomea. Akianza kukimbiza mapigo usimkaripie. Apige huku anatembea, miguu itamrudisha.

Jibu 2
Naongezea sauti. Wakubwa tunaanzisha nyimbo chini mno, mtoto anabaki kunguruma, kisha tunasema hana sikio. Si haki hata kidogo! Anzia noti ya re iliyo juu ya do ya kati (do iliyo karibu na katikati ya kinanda), usivuke noti ya la.

Muulizaji
Asanteni sana. Filimbi ya plastiki yenye matundu (rekoda) je? Inatoa mlio wa kutoboa masikio.

Jibu 3
Inafaa sana, ila mara nyingi mlio huo una sababu mbili: anapuliza kwa nguvu, au tundu linavuja. Apulize taratibu, kama anayetia ukungu kwenye kioo. Matundu ayafunge kwa nyama ya kidole, si ncha. Akiinua kidole, kikague: alama ya duara kamili ni sawa, ikiwa nusu, hapo ndipo hewa inapopenya. Aanze na noti iitwayo "si" (B), kwa mkono wa kushoto: gumba nyuma, kidole cha shahada mbele. Noti hiyo moja inatosha kwa wiki nzima, mkicheza nayo mapigo ya Jibu 1.

Dakika 10 kila siku, siku 5 kwa wiki, ni bora kuliko saa nzima ya Jumamosi. Na akichoka dakika ya 7, ishieni hapo.